Pande la Mtu na Kopo la Bia

Miaka ya 1970 ilipokaribia kwisha, watazamaji wa televisheni huko Marekani walizoea kumwona mtu mmoja mweusi, mrefu kupindukia, amesimama mbele yao na kopo la bia mkononi. Alizungumza polepole kwa sauti nene, kama mzee anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda sokoni. Aliisifu bia ile kwa ladha yake na kwa wepesi wake tumboni. Kisha akaongeza kwamba alipenda pia jinsi makopo yake yanavyofunguka kwa urahisi. Papo hapo akalishika kopo na kuung'oa upande wote wa juu, kama mtu achanaye karatasi. Watu waliangua kicheko majumbani mwao. Wengi wao hawakujua kwamba pande lile la mtu halikuwa likinywa bia.

Jina lake lilikuwa Charles Aaron Smith, lakini tangu utotoni hakuna aliyemwita hivyo. Aliitwa Bubba, jina la mapenzi wanalopewa watoto wa kiume katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Alizaliwa tarehe 28 Februari 1945 huko Texas, akakulia katika mji wa Beaumont. Baba yake, Willie Ray Smith, alikuwa mwalimu wa mpira katika shule ya sekondari ya watoto weusi, Charlton-Pollard, na jina lake liliheshimiwa pande zote zile kwa sababu timu zake zilishinda michezo zaidi ya 200 katika maisha yake ya kazi. Wana wake watatu walifundishwa na baba yao mwenyewe. Msomaji aliyewahi kuwa mtoto wa mwalimu, na kusoma katika darasa la mzazi wake, anajua kwamba hapo hakuna upendeleo. Kiboko cha kwanza humwangukia mtoto wa nyumbani ili wenzake wasije wakanung'unika.

Mpira unaozungumzwa hapa sio huu unaochezwa katika viwanja vya kambi zetu kila Jumamosi. Mpira wa Kimarekani huchezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu, na mpira wenyewe una umbo la yai. Kila upande huwa na watu 11 waliovaa kofia ngumu na mito ya kukinga mabega, na kazi ya baadhi yao ni moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, nayo ni kumfikia adui mwenye mpira na kumbwaga chini. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa Bubba. Alikuwa na kimo cha mita 2 na uzito wa kilo 120 kwenda juu, na juu ya hayo alikuwa na mbio. Ng'ombe dume akijua kukimbia kama swala, wa kumzuia ni nani?

Alipomaliza sekondari, vyuo vikuu vikubwa vya jimbo lake vilikuwa bado havichukui vijana weusi katika timu zao. Ikambidi kijana afunge virago aende kaskazini, kwenye baridi na theluji, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Mwalimu wa timu ya huko, Duffy Daugherty, alikuwa na busara ya kuwakusanya vijana ambao Kusini iliwafungia mlango. Kwa vijana hao alijenga timu ambayo mwaka 1965 na 1966 haikupoteza mchezo hata mmoja katika ratiba ya kawaida ya msimu.

Ni huko Michigan ambako watazamaji walimtungia Bubba kibwagizo chake. Kila timu yake ilipojipanga kuzuia, maelfu ya watu viwanjani walipaza sauti kwa pamoja: “Ua, Bubba, ua!” Naye alifanya kama walivyotaka, kwa kadiri sheria za mchezo zilivyoruhusu. Tarehe 19 Novemba 1966 timu yake ilipambana na Notre Dame, timu nyingine isiyoshindika, katika mchezo ambao Wamarekani wanauita mchezo wa karne. Mapema tu Bubba alimwangukia kijana Terry Hanratty, mpanga mashambulizi wa Notre Dame, akamuumiza bega. Hanratty akatolewa nje na hakurudi tena. Ajabu ni kwamba kijana aliyeingia badala yake, ambaye alikuwa mgonjwa wa kisukari, ndiye aliyeiongoza Notre Dame kutoka kufungwa 10 kwa 0 hadi kusawazisha. Mchezo ukaisha 10 kwa 10. Umati ulikuwa umelilia kuua, na kuua kule hakukuwapa ushindi.

Mwaka 1967, klabu za kulipwa zilipokutana kugawana wachezaji waliomaliza vyuo, Bubba alikuwa kijana wa kwanza kuchaguliwa katika nchi nzima. Alichukuliwa na Baltimore Colts. Katika msimu wa 1968 Colts walishinda michezo 13 wakapoteza mmoja tu, wakaingia fainali iitwayo Super Bowl wakiwa na uhakika wa kikombe kiasi kwamba watu walikuwa wakibishana juu ya ukubwa wa ushindi, si juu ya nani atashinda. Januari 1969, mjini Miami, wakafungwa na New York Jets kwa pointi 16 kwa 7. Miaka miwili baadaye, Januari 1971, walirudi fainali wakashinda 16 kwa 13 dhidi ya Dallas Cowboys, na kila mchezaji akapewa pete ya ubingwa. Inasimuliwa kwamba Bubba hakuivaa pete yake, kwa kuwa uchungu wa ile fainali ya kwanza ulikuwa haujamtoka.

Kisha likaja jambo dogo lililogeuza maisha yake. Mwaka 1972, katika mchezo wa kujipima nguvu tu, usio na pointi wala kikombe, huko Tampa katika jimbo la Florida, Bubba alikuwa akikimbia kufuata mpira karibu na mstari wa pembeni. Pembeni mwa uwanja huwa wanasimama watu wenye fito za kupimia umbali. Akajigonga katika ufito mmojawapo na goti lake likaharibika. Msimu mzima ukampita akiwa nje. Alifungua kesi mahakamani kudai fidia, akashindwa. Alicheza tena kwa Oakland na baadaye Houston, lakini yule ng'ombe dume mwenye mbio za swala hakuonekana tena. Baada ya msimu wa 1976 akaacha mpira, akiwa na umri wa miaka 31 tu.

Familia za askari zinaelewa jambo hili kuliko watu wengine wengi. Mtu ambaye thamani yake yote imo mwilini, siku mwili unapokataa, anabaki na nini? Kuna askari mstaafu ambaye jina lake lilikuwa likitetemesha kikosi, na leo anashinda amekaa chini ya mti akisimulia gwaride za zamani kwa wajukuu wasiomsikiliza. Wachezaji wengi wa rika la Bubba waliishia hivyo, na wengine vibaya zaidi. Yeye aliokolewa na kitu ambacho hakuna mwalimu wa mpira aliyekitilia maanani, nacho ni upole wake. Ukubwa wake ulitisha, lakini alipofungua kinywa ilitoka sauti ya mtu mtulivu, mwenye haya kidogo, asiye na haja ya kumtisha mtu. Tofauti hiyo kati ya mwili na sauti ndiyo iliyowachekesha watu.

Kampuni ya bia ya Miller ndiyo iliyoliona hilo mapema. Ilikuwa ikitangaza bia yake nyepesi, Lite, kwa kuwatumia wanamichezo waliostaafu, na vituko vya Bubba na kopo lake vikapendwa kupita vingine. Baadaye aliwekwa pamoja na Dick Butkus, jabali mwingine wa mpira aliyestaafu, naye pia kwa sababu ya magoti. Wawili hao walionyeshwa wakijaribu michezo ya watu wastaarabu kama tenisi, wamevaa nguo safi, wakijitahidi kuwa na adabu za mabwana wakubwa na kuharibu kila walichogusa. Yalikuwa matangazo ya chini ya dakika moja, lakini kwa Bubba yalikuwa shule. Humo alijifunza kwamba mchekeshaji hodari hacheki mwenyewe, na kwamba mtu mkubwa akitenda kitu kidogo kwa uangalifu anachekesha kuliko yule anayejiangusha ovyo.

Mwaka 1984 ikatoka sinema iliyomfanya ajulikane hata kwa watu ambao hawajapata kuuona mpira wenye umbo la yai. Iliitwa Police Academy, yaani Chuo cha Polisi, na iliongozwa na Hugh Wilson. Kisa chake ni chepesi. Meya mpya wa mji fulani anaamuru kwamba chuo cha polisi kimpokee kila anayetaka kujiunga, bila kujali kimo, uzito wala jinsi. Wanamiminika watu wa kila namna: mtundu anayekwepa jela, mwenda wazimu wa silaha, kijana anayeweza kuiga kwa mdomo sauti ya bunduki na ya helikopta, na msichana mweusi aitwaye Hooks, mwenye sauti nyembamba isiyoweza kumfukuza hata kuku. Kati yao yumo Moses Hightower. Jina hilo kwa Kiingereza lina maana ya mnara mrefu, na aliyeliigiza ni Bubba Smith.

Je, Hightower alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kujiunga na polisi? Alikuwa muuza maua. Hapo peke yake mwandishi wa sinema alikuwa amemaliza nusu ya kazi. Lile pande la mtu ambalo viwanja vizima viliwahi kulipigia kelele liue, sasa lilikuwa linapanga waridi katika makopo ya maji.

Msomaji aliyepitia mafunzo ya ukuruta atakumbuka kwamba katika kila kundi kuna mmoja aliye hodari wa mambo yote isipokuwa moja, na hilo moja linamnyima usingizi. Hightower alikuwa haogopi mtu, lakini alikuwa hajashika usukani tangu akiwa na miaka 12, na mtihani wa kuendesha gari ulikuwa unakaribia. Usiku rafiki yake Mahoney anamchukua wakafanye mazoezi kwa gari la kuruta mwingine. Gari ni dogo, la Kijapani. Hightower anajaribu kuingia, hatoshi. Hafoki wala halipigi teke. Anakishika kiti cha mbele, anaking'oa, anakitupa nje, kisha anakaa kiti cha nyuma na kushika usukani kutoka huko, mtulivu kama abiria wa basi. Watu waliokuwa na miaka kumi sinema hiyo ilipoenea duniani kwa kanda za video, hivi leo ni watu wazima wenye watoto wao, na bado wakikumbushwa kiti kile wanacheka.

Lakini kuna mahali katika sinema hiyo ambapo kicheko kinakatika. Kuruta mmoja anamtukana Hooks kwa sababu ya rangi yake. Binti yule, kwa sauti yake ndogo, hana la kujibu. Hightower anakuja, analishika gari la polisi kwa mikono miwili na kulipindua. Kwa kitendo hicho anafukuzwa chuoni. Kwa sheria ya chuo chochote, kuruta anayepindua gari la serikali hana utetezi, na mkufunzi aliyemfukuza alitenda wajibu wake. Askari wa kweli atalikubali hilo hata kama moyo wake uko upande wa Hightower. Bubba hakuigiza hasira kubwa katika tukio lile. Uso wake ulionyesha uchovu zaidi kuliko ghadhabu. Huyu alikuwa mtoto wa shule ya watoto weusi wa Beaumont, aliyevuka nchi nzima kwa sababu vyuo vya kwao havikumtaka. Pengine hakuhitaji kufundishwa namna ya kuusikia usemi ule.

Mwisho wa sinema Hightower anarejea. Ghasia zimezuka mjini, mhalifu mwenye bastola amewashika mateka Mahoney na yule mkufunzi, na Hightower anajifanya mhuni mwenzake mpaka anamfikia na kumbwaga. Anarudishiwa heshima yake. Sinema hiyo ilipata faida kubwa ajabu kwa gharama ndogo, ikazaa nyingine karibu kila mwaka, na Bubba alikuwamo katika sita za kwanza, hadi ile ya 1989. Wajuzi wa sinema waliziponda, na kusema kweli kadiri zilivyoongezeka ndivyo ladha ilivyopungua, kama chai inayoongezwa maji kila mgeni anapoingia. Watoto hawakuwasikiliza wajuzi.

Sasa turudi kwenye kopo la bia, kwa maana jambo lililo kubwa katika maisha ya mtu huyu halikutokea uwanjani wala mbele ya kamera.

Katikati ya miaka ya 1980, jina lake likiwa juu, chuo chake cha zamani kilimwalika Michigan kuongoza maandamano ya sherehe ya kuwakaribisha wahitimu wa zamani. Akapandishwa garini, wanafunzi wamejipanga pande mbili za barabara. Alitazamia kusikia wimbo wa chuo, au labda kile kibwagizo cha zamani. Badala yake vijana wa upande mmoja wakapiga kelele kwamba bia ile ina ladha nzuri, na wa upande wa pili wakajibu kwamba haijazi tumbo. Yalikuwa maneno ya tangazo lake, neno kwa neno. Upande ukaita, upande ukajibu, njia nzima. Alipokwenda kwenye sherehe zao akaona vijana wa mwaka wa kwanza, waliotoka kwa wazazi wao miezi michache tu iliyopita, wamelewa chakari.

Mtu mwingine angepunga mkono na kutabasamu. Heshima ilikuwa yake na malipo yalikuwa mazuri. Yeye ilimkaa moyoni. Alikuwa mtu asiyekunywa, anawauzia watoto wa watu pombe kwa kuwachekesha. Akaachana na kazi ile. Hakusubiri kampuni imchoke, wala goti limfukuze kama mara ya kwanza. Aliondoka akiwa bado anatakiwa, na alieleza sababu hadharani, gazetini. Alisema waziwazi kwamba fedha zilikuwa nyingi, lakini hakupenda athari ya matangazo yale kwa vijana.

Mtu anaweza kudai kwamba alikawia, kwamba alikwisha kula fedha za bia kwa miaka kadhaa kabla dhamiri haijamwamsha. Dai hilo lina haki yake. Hata hivyo, ni wangapi wanaoamka wakati mshahara bado unaingia? Katika nyumba zetu, mama wa kambini anayepika pombe ili alipe ada ya shule anajua vizuri kwamba mteja wake wa jioni ni baba wa watoto wanaolala na njaa nyumba ya tatu. Anajua, lakini kesho yake anawasha moto tena, kwa kuwa ada haingoji. Si rahisi kumhukumu mama huyo, na kwa sababu hiyo hiyo si rahisi kukipuuza kitendo cha Bubba. Tofauti yao, bila shaka, ni kwamba yeye alikuwa na mlango mwingine wa kutokea. Alikuwa na Hightower.

Wako wachezaji wengine wa mpira ule waliopita njia ya uchekeshaji. Alex Karras wa Detroit Lions alimtangulia. Katika sinema ya 1974 iitwayo Blazing Saddles anampiga farasi ngumi moja akamwangusha. Terry Crews, aliyecheza mpira wa kulipwa katika miaka ya 1990, alikuja kuwa sajini wa polisi mwenye misuli na machozi ya karibu katika mchezo wa televisheni wa Brooklyn Nine-Nine, ulioonyeshwa tangu 2013 hadi 2021. Anayemtazama sajini huyo amebeba watoto wake wachanga atamwona Hightower nyuma yake, na maua yake.

Mwaka 1994 ilipotengenezwa sinema ya saba ya Chuo cha Polisi, Bubba hakuwamo. Inaelezwa kwamba alikataa kwa sababu Marion Ramsey, yule aliyeigiza Hooks, hakuitwa. Hivyo ndivyo pande la mtu lilivyosimama kwa mara ya pili upande wa binti mwenye sauti ndogo, safari hii bila gari la kupindua. Wenzao waliorudi walitengeneza sinema ambayo hakuna aliyeipenda.

Mwaka 2006 chuo chake kiliistaafisha jezi yake namba 95, isivaliwe na mchezaji mwingine. Alifariki nyumbani kwake Los Angeles tarehe 3 Agosti 2011, akiwa na miaka 66. Wachunguzi walikuta moyo uliotanuka, shinikizo la damu, na kiasi kikubwa cha dawa ya kupunguza uzito. Ubongo wake ulipelekwa kwa wataalamu huko Boston, na mwaka 2016 ikatangazwa kwamba alikuwa na ugonjwa wa ubongo unaoletwa na mapigo ya kichwa ya mara kwa mara, tena katika hatua ya tatu kati ya nne. Alikuwa mchezaji wa 90 wa mpira ule wa kulipwa kukutwa na ugonjwa huo katika uchunguzi wa wataalamu hao. Ni ugonjwa unaoharibu kumbukumbu na uwezo wa mtu kupima mambo na kupanga, na wakati ule haukuweza kuthibitishwa mpaka mtu awe amekwisha kufa.

Kila mara umati ulipolia “Ua, Bubba, ua!”, kulikuwa na vichwa viwili vilivyogongana.